Sketi ya Namba Arobaini na Moja

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi, karatasi nimeiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa na kila nikimaliza mistari miwili naenda mlangoni naangalia barabarani halafu narudi, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Mimi ni fundi cherehani, nina mashine tatu na chumba kimoja kinachotazamana na duka la dawa, nina mume ambaye kazi yake ni mpaka rangi wa nyumba, na nina mtoto mmoja wa kike anayemaliza shule ya msingi, nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kuongea hajawahi kunyamaza, anaongea akila, anaongea akioga, hata usingizini kuna mtu anajibizana naye. Naomba uniambie la kufanya kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ikipita itakuwa basi tena.

Iko shule moja ya wasichana, ya binafsi, sitaitaja, ambayo kila mzazi huku kwetu anaitolea macho, na mimi ndiye ninayeishonea sare, mwaka wa sita huu. Utaratibu wao ni huu, siku ya usaili watoto wote wanapimwa sare siku hiyohiyo, atakayepita na atakayekosa, ili wazazi wasisumbuliwe kurudi, basi mimi nakaa ukumbini na tepu shingoni, mtoto akitoka kwenye usaili anakuja kwangu na namba yake kifuani, naandika namba, kiuno, urefu, bega, haya, mwingine. Wiki mbili kabla ya barua za majibu, karani wa shule ananiletea jora la kitambaa lililokatwa kwa hesabu pamoja na orodha ya namba za kushona, namba tupu, jina hata moja halimo. Walioko kwenye orodha ndio waliopita, ingawa hilo hakuna anayelitamka. Mwaka huu karani alinipa bahasha mkononi akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia, akasema, "Dada fundi, haya yakijulikana kabla ya Jumatatu ya majibu, wewe huna kazi na mimi sina kazi." Nikamwambia, "Miaka yote hii umewahi kusikia neno limetoka kwangu?" Akanijibu, "Miaka yote hukuwa na mtoto kwenye foleni."

Siku ya usaili Chiriku alikuwa namba arobaini na moja, na nyuma yake arobaini na mbili alikuwa Kadogo, binti wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kadogo ni mtoto mpole, mdogo wa umbo, kiuno chake unakizungusha kwa viganja viwili. Nilipompima Chiriku akaninong'oneza, "Mama, niachie pindo kubwa, nitarefukia hukuhuku." Nikaandika pembeni, pindo kubwa.

Bahasha niliifungua Jumatatu ya wiki iliyopita nikiwa peke yangu, nikasoma kwa kidole, thelathini na nane, arobaini, arobaini na mbili. Nikarudi juu nikasoma upya. Nikaigeuza karatasi nikaangalia nyuma. Nyuma hakuna kitu.

Kulia sikulia, nilishika mkasi. Nilijiambia karani karuka mstari, mtu akichapa namba nyingi kidole huteleza, ngoja nikate na ya Chiriku iwe tayari watakapogundua kosa lao, na nikaikata ya kwanza kabla ya zote, marinda kumi na sita, pindo kubwa kama alivyotaka, ile rangi yao ya damu ya mzee ambayo mtoto wangu anaichora kwenye kila daftari, nikaipiga pasi, nikaibandika kikaratasi cha namba kwa pini kama zile zingine, nikaichanganya kwenye rundo. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Alhamisi Chiriku akapita hapa akitokea shule, huwa anapita kunipigia hadithi huku akiokota pini sakafuni, akafika kwenye rundo, na sauti ikakatika. Nikageuka, nikamwona ameishika sketi kwa ncha za vidole na macho yako kwenye kikaratasi. Akasema polepole, "Mama, arobaini na moja si mimi?"

Mshauri, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia, "Irudishe ilipokuwa, na usimwambie mtu." Basi, ni hayo tu niliyosema. Sikusema amepita. Lakini wewe ungekuwa mtoto ungesikia nini? Alinikumbatia kiunoni akabana kichwa chake hapa tumboni, nikamsikia anatetemeka kwa furaha, na mimi mkono wenye chaki nikauacha hewani nisijue pa kuuweka.

Tangu siku ile Chiriku amenyamaza. Anakula kimya, anaoga kimya, anatembea na siri yake kama mtu aliyejaza maji mdomoni, na tukikutana macho anatabasamu, basi mimi nageuka nakwenda kutafuta mkasi na huku mkasi nimeushika. Jirani ameniuliza kama mtoto anaumwa.

Nyumbani hakukaliki. Mume wangu anamwamsha saa kumi na moja alfajiri kumzoesha, maana shule ile ni mbali, wanatembea mpaka njia panda na kurudi, anahesabu dakika kwenye simu. Amempigilia meza ya kusomea na ameipaka rangi ya damu ya mzee, eti akili izoee mapema. Huko kazini kwake anawaambia watu, "Mke wangu ndiye anayewavalisha, binti yangu watamwacha wapi?" Simu yangu ikilia tunairukia wote watatu. Juzi alikuwa mteja anauliza kama nabadilisha zipu.

Na wifi naye. Kila siku saa nne yuko kwenye benchi la wateja, simu mapajani, hana hata kitambaa cha kushonwa. Anasema, "Wifi, wewe ni mtu wa ndani. Hata fununu hujasikia?" Namwambia sijasikia. "Basi hebu niangalie usoni." Simwangalii, natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi. Jana akasema, "Mimi Kadogo wangu najua hapati, usaili wenyewe alijibu kwa kutikisa kichwa. Chiriku wenu ana mdomo, yule kashapita zamani. Sisi mtatuachia tu vitabu vyake akishavimaliza." Alisema kwa roho safi kabisa, Mshauri, na amekonda, usingizi hapati, kula hali, na dawa ya ugonjwa wake ninayo mimi kwenye droo na siwezi kumpa. Na nikuambie ukweli wangu wote, wakati mwingine naona sitaki kumpa.

Sasa Jumamosi. Kuna shule ya pili, ndogo, ina madarasa manane na walimu wanaosifiwa, na mtihani wao wa kuingia ni Jumamosi hii saa mbili asubuhi. Fomu inatakiwa irudi Ijumaa kabla ya saa tisa, baada ya hapo hawapokei mtu mpaka mwakani. Majibu ya ile kubwa ni Jumatatu. Fomu ninayo, iko droo ileile, sijaijaza. Nilipomgusia mume wangu akacheka, "Ya nini? Mtoto mwenye shule yake anatafuta shule gani?" Na Chiriku, kwa mara ya kwanza siku ile akafungua mdomo, akanikonyeza nyuma ya mgongo wa baba yake akasema, "Kweli mama, ya nini?"

Nikisema ukweli, nimemvunjia karani ahadi, kazi imekwenda, na Chiriku uchungu hana pa kuuficha, wifi atausoma usoni kwake kabla hajavuka kizingiti. Nikinyamaza, Jumatatu mtoto wangu hana kubwa wala ndogo, na atajua mama yake alijua. Nimewaza kumpigia karani nimwombe aipenyeze hiyo namba moja tu. Nimewaza pia kuiacha sketi ndani ya rundo, karani anakuja kuchukua mzigo Jumatatu asubuhi, labda wakiona sketi ipo watamtafuta mwenye sketi. Hata kitambaa chenyewe kimenigeuka, sketi zote nimemaliza imebaki ya arobaini na mbili, niliiacha mwisho, na jora limekwisha, kipande kilichobaki hakitoshi hata mkanda wa kiuno.

Leo ni Jumanne. Nifanyeje? Barua naituma kwa mkono, namba yangu ya simu iko nyuma ya karatasi. Ukichapa barua hii badilisha namba, na uichape majibu yakishatoka.

Ni mimi,
Fundi nisiyeweza kukaa

*

Fundi,

Jibu hili nilikusomea kwa simu Jumatano mchana, na ilibidi nikuambie mara mbili uzime cherehani. Naliandika hapa leo kwa kuwa barua za shule zimeshatoka, namba nimezibadilisha kama ulivyoomba, na kwa kuwa mwezi huu wazazi wengine wengi wameniandikia wakiwa roho juu kama wewe. Wengine wamefika mahali pa kuota simu ya shule inalia.

Kwanza kaa. Vuta kiti chako cha kazini ukalie, unisikilize umekaa. Mtu aliyesimama kila kitu anakiona ni cha kukimbilia.

Pole. Nasema pole kwa moyo wote, maana wenzako wanasubiri wakiwa na matumaini, wewe umesubirishwa na jibu tayari liko droo. Ni mzigo ambao hukutakiwa kubebeshwa. Shule ingempa kazi fundi mwingine mwaka huu, na hata wewe, siku ulipomwandikisha Chiriku, ungewaambia tepu hii mwaka huu mpeni mwenzangu. Hukusema kwa sababu ulipenda kuwa mtu wa ndani. Haya, uliingia ndani, umeyaona ya ndani.

Sasa tuache kujidanganya. Karani hakuruka mstari. Mtu aliyekuambia "miaka yote hukuwa na mtoto kwenye foleni" alikuwa anaijua orodha yake, na nadhani alikuwa anakuonea huruma kwa namna yake. Usimpigie. Ukimwomba aipenyeze namba, utakuwa umemwomba amtoe mtoto wa mtu mwingine, kwa sababu jora lilikatwa kwa hesabu na viti vya darasani navyo vina hesabu. Na hilo la kuiacha sketi kwenye rundo ili shule imtafute mwenye sketi, mwanangu, hilo nimelisoma nikavua miwani. Wewe ni mtu mzima. Itoe humo leo.

Unasema ama uvunje ahadi ama umpoteze mtoto. Si kweli, na nashangaa fundi anayeona uzi uliokaa upande akiwa mlangoni ameshindwa kuliona hili. Orodha ni siri ya karani, itunze. Lakini sketi ile si siri ya karani, ni yako. Hakuna aliyekuagiza uishone. Hiyo unaweza kumwambia Chiriku leo jioni bila kumgusa mtu yeyote. Mkalishe umwambie hivi, "Ile sketi hakuniagiza mtu. Niliishona kwa hamu yangu, na ulipoiona nikakuacha uamini kitu ambacho sikukisema. Nilikosea." Usianze kuzungukazunguka kwenye habari za marinda.

Atakuuliza, "Kwa hiyo sijapita?" Mwambie majibu ya shule yanatolewa na shule, ni Jumatatu, na wewe huna ruhusa ya kuyasema, lakini sketi haina maana aliyoidhani, na Jumamosi mnakwenda kufanya mtihani. Atakisia, mtoto ana akili. Mwache akisie, mwache alie, na ukae palepale usikimbilie mkasi. Utakuwa umechelewa siku sita, lakini utakuwa umewahi Jumamosi, na Jumatatu barua ikifika atakuwa na mama wa kulia naye. La sivyo barua itamfikia akiwa na mama aliyemtazama wiki nzima akitabasamu bure.

Umwombe pia radhi kwa kumpa siri ya kubeba. Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe amenyamaza kwa ajili yako, na wewe ulikuwa unaona.

Mumeo usibishane naye. Fomu ijaze leo, Ijumaa asubuhi ipeleke mwenyewe, usimtume mtu. Akiuliza ya nini, mwambie hutaki kuamka Jumatatu huna pa kumpeleka mtoto. Mpaka rangi yeyote anaelewa habari ya kuwa na kopo la akiba. Na aache kumwamsha mtoto saa kumi na moja, Jumamosi anatakiwa awe amelala vya kutosha.

Sasa nikuseme, kwa sababu kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja mwishoni kama mtu anayefagia taka chini ya kapeti. Umesema kitambaa kimekugeuka. Kitambaa hakigeuki mtu. Wewe umeshona sare za shule ile miaka sita, jora la hesabu unajua linaishia wapi hata ukifumba macho. Ulikata sketi isiyo kwenye orodha ikawa ya kwanza, kisha katika zote zilizobaki, ukaacha ya Kadogo iwe ya mwisho. Nani alikuambia umwache yeye? Sisemi ulikaa ukapanga. Nasema mkono wako ulijua unachofanya, na ndiyo maana humwangalii wifi yako usoni. Orodha ungeweza kumficha hata ukimwangalia machoni. Hilo la kitambaa ndilo linalokuinamisha.

Kuona wivu si ajabu. Mtoto wako amekosa, wa mwenzio anayejibu kwa kutikisa kichwa amepata, ungekuwa jiwe usingesikia kitu. Lakini Kadogo hakumnyang'anya Chiriku chochote. Walisimama kwenye foleni moja, wakapimwa na tepu moja, na siku hiyo shule ilimtaka huyu. Kesho kutwa Chiriku atatakwa kwingine. Usimfanye mtoto wa wifi yako aende siku ya kwanza bila sare kwa sababu shangazi... samahani, mke wa mjomba wake alikuwa na uchungu.

Kwa hiyo utafanya hivi. Umeandika kwa mkono wako kwamba Kadogo kiuno chake kinazungushwa kwa viganja viwili, na kwamba ya Chiriku uliiwekea pindo kubwa. Basi sketi ya Kadogo iko ndani ya sketi ya Chiriku. Ifumue. Ifumue mwenyewe kwa wembe wako, mshono kwa mshono, marinda yote kumi na sita, uinyooshe kwa pasi, uipige chaki upya kwa vipimo vya arobaini na mbili. Usimpe Chiriku aifumue, lakini pia usimfiche. Akija akitokea shule na kukukuta unafumua, endelea, umsogezee stuli. Usimwambie ni ya nani.

Wifi yako akija saa nne, mwangalie. Mwambie, "Wifi, nimeapa kwa watu wa shule, usiniulize tena mpaka Jumatatu, ila kaa, tunywe chai." Atakaa. Nadhani amekuwa akija hapo kila siku kwa sababu kusubiri peke yake nyumbani kumemshinda, na kwako kuna benchi.

Na karani akija kuchukua mzigo, mwambie mwakani atafute fundi wa kupima. Kushona utashona kwa vipimo vitupu atakavyokuletea, kupima hapana, orodha hapana, mpaka Chiriku amalize shule popote atakapokuwa.

Jumamosi mtoto avae gauni analolipenda mwenyewe, msimpake rangi ya shule ya mtu. Mwende kwa miguu kama ni karibu, na muondoke mapema msihemeane mlangoni. Njiani mwache aongee, aongee mpaka mnafika, hata kama ni upuuzi, hata kama anakusema wewe. Na kama atakuwa bado amenyamaza, anza wewe.